Wamexico nao wana kijumbe

Jikoni kwetu kazini kuna galoni la maji, yale ya plastiki, limekatwa juu kwa kisu na kubandikwa picha ya mtu kwa selotepu. Linakaa karibu na mashine ya kupiga dole pale unapoingia, kwaiyo hata ukitaka kulikwepa hukwepi. Galoni ni lilelile, picha ndo inabadilika.

Mara ya kwanza kuliona, mwaka wangu wa kwanza hapa Houston, Marekani, nilidhani ni la tipu nkapita zangu. Mama mmoja wa upande wa kukatakata mboga, wote tunamuita Doña mpaka meneja, akanishika mkono akanirudisha akanionesha picha: kijana mdogo tu, mdogo wake jamaa wa zamu ya usiku, kafa kwa ajali na mwili unatakiwa urudi kwao Zacatecas, Mexico, na si unajua kusafirisha maiti kutoka nchi hii ni maelfu ya dola. Nkatumbukiza 20. Doña akatoa daftari la shule kwenye mfuko wa aproni, akaniuliza jina, akaandika anavyojua yeye, mbele yake akaandika 20.

Yaani nilicheka moyoni. Nimetoka Tanga, nimevuka bahari mbili, nakuja kukutana na daftari la rambirambi kwa Wamexico!

Nimeikumbuka hii kwa sababu juzi nilikaa kwenye semina moja ya mambo ya misaada na kujitolea (ya nani sitaji), dada wa watu ana slaidi zake nzuri, alipofika kwa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, akasema hawa bado hawajawa na utamaduni wa kutoa, inabidi waelimishwe. Nilitaka ninyooshe mkono nkaona aibu, Kiingereza changu kikipata hasira kinakimbia, ndo maana naandika hapa.

Shida iko hivi. Marekani mtu anahesabiwa ametoa pale anapotoa kwa shirika lililosajiliwa, akapewa risiti, akaenda nayo kwenye kodi. Galoni la Doña halitoi risiti.

Afu hata huyo "Mlatino" mwenyewe ni nani bana, hapa Marekani wako zaidi ya milioni 65, kuna Wamexico, watu wa Puerto Rico ambao ni raia wa Marekani toka wanazaliwa, Wacuba, Wasalvador, Wadominika, kuwatia wote kapu moja ni kama wanavyotuambia sisi "nyie Waafrika" mtu wa Tanga na mtu wa Dakar wakae sawa. Ila kwenye hili la kutoa nimewaona wanafanana, na wanafanana na sisi pia.

Chukua tanda. Tanda ni mchezo, upatu, kibati, ite unavyoita kwenu. Sisi jikoni tuko kumi, kila mmoja 100 kwa wiki, wiki moja mmoja anaondoka na 1000. Doña ndo kijumbe. Namba tulichora kwenye vikaratasi ndani ya bakuli la mchele, mi nkapata 8 nkanuna. Wamexico wengine wanaiita cundina, Wadominika wanasema san, Waguatemala cuchubal, Waperu junta, Wabolivia wana jina tamu kuliko wote, pasanaku. Hakuna riba, hakuna mkataba, kuna kuaminiana na kuogopa kusemwa. Mtu atauliza sasa hiyo ni hisani gani, si kila mtu anarudishiwa hela yake? Subiri mtoto wa mmoja alazwe. Hapo Doña anapita kwa kila mtu kimyakimya, mwenye zamu wiki hii anaambiwa mpishe mwenzio, naye anapisha, hata kama kodi ya nyumba inamsubiri. Ile kupisha ndo sadaka yenyewe, nani aliyewahi kuipima?

Na hawakuanza jana. Mwaka 1894 pale Tucson, Arizona, watu wenye asili ya Mexico walianzisha Alianza Hispano-Americana, mnachanga, mwenzenu akifa familia yake inapata kitu na anazikwa kwa heshima. Ikatawanya matawi majimbo kibao. Vyama vya namna hiyo waliviita mutualistas na vilikua vingi, maana ubaguzi ulikua wa wazi na mtu mwenye ngozi ya kahawia angeenda kulilia wapi. Sisi kwa Kiswahili tunayo tayari, chama cha kufa na kuzikana.

Sasa njoo Zacatecas, kwao na yule marehemu, hapa ndo penye stori ninayoipenda. Ni jimbo ambalo limetoa wahamiaji vibaya mno, kuna vijiji ukiuliza vijana wako wapi unaambiwa Los Angeles, Chicago. Huko Los Angeles watu wa kijiji kimoja wanaunda klabu, wanaandaa dansi ukumbini, wanachagua malkia, wanauza chakula, wanachezesha bahati nasibu, hela inaenda kuchimba kisima nyumbani. Miaka ya 80 serikali ya jimbo ikaona hawa watu wanatuaibisha, ikasema haya, mkiweka peso moja na sisi tunaweka moja. Ikapanda mpaka 1999 ikawa tatu kwa moja: wahamiaji peso moja, manispaa moja, jimbo moja, serikali kuu moja. Mwaka 2002 ikawa ya Mexico nzima. Barabara, umeme, maji, madarasa. Fikiria wewe unaosha vyombo California, ile dola yako ikifika kijijini imekua nne, afu diwani analazimika kukaa meza moja na wewe uliyeondoka kijijini huna kiatu, unamuuliza bei ya mabomba kwa nini imekua hivi. Mi naona hiyo heshima ilikua na thamani kuliko hata hayo mabomba.

Lakini tusidanganyane. Hela zilifuata wahamiaji walipotoka, sio palipo na shida zaidi, kwaiyo kijiji fukara ambacho hakina mtu Chicago kilibaki kinatazama. Na nyingine ziliishia kwenye minara ya kanisa na viwanja vya farasi, maana aliye mbali anatamani kukuta kanisa limepakwa rangi na sherehe ya mtakatifu imenoga akirudi Desemba. Nisiwacheke, na sisi michango ya walioko nje mara nyingi inaishia kwenye marumaru ya msikiti wakati zahanati ya jirani haina hata kitanda. Bajeti ya 2020 ya serikali kuu ya Mexico ikaja bila hiyo programu ya tatu kwa moja. Klabu nyingi zinaendelea kivyaovyao, peso ni peso.

Hela inayotumwa nyumbani kwa ujumla ni habari nyingine. Mexico peke yake mwaka 2023 ilipokea zaidi ya dola bilioni 63 kutoka kwa watu wake walioko nje, nyingi kabisa kutoka Marekani. Hiyo nayo ni kutoa? Mi na jamaa yangu tulibishana mpaka basi likatupita, yeye anasema hela ya mama yako sio sadaka, ni wajibu. Sawa. Ila Doña akituma 300 kwao, humo ndani kuna 20 ya bibi jirani ambaye hana mtoto hata mmoja, ameniambia mwenyewe tukiwa tunamenya viazi, na sijui hiyo 20 utaiandika safu gani. Toka tarehe 1 Januari 2026 ukituma kwa pesa taslimu serikali ya Marekani inakata asilimia 1, kwaiyo kwenye hiyo 300 yake zinaondoka 3, na inatugusa na sisi tunaopeleka keshi dirishani kutuma Tanga. Alivyosikia alisema neno moja la Kispania ambalo siandiki.

Kuhusu lile daftari. Mwanzoni lilinikera, maana tumefundishwa sadaka bora mkono wa kulia utoe wa kushoto usijue, sasa hii ya kuandikana majina na namba? Kumbe kuna jamaa wa Oaxaca, jimbo jingine la Mexico, pale jikoni ndo akanifungua macho. Kwao Wazapoteko, wenyeji wa asili wa huko, wana kitu kinaitwa guelaguetza, ukipeleka kuku au mahindi kwenye harusi ya mwenzio inaandikwa, siku ya kwako anakurudishia kama ulivyomletea, na kuna familia zina madaftari ya miaka na miaka. Wanaandika ili wasisahau deni la wema. Wana na tequio, kazi za kijiji za lazima, yaani msaragambo kabisa, na aliyeko Los Angeles analipa mtu amfanyie au anatuma hela, asipofanya hivo jina lake kijijini linachafuka. Mi nkamwambia kwetu ukikosa msaragambo wanakuja kuchukua mbuzi. Akacheka akasema kwao pia walikua na mambo ya namna hiyo.

Kitu kingine ambacho yule dada wa slaidi hakukigusa ni kutoaminiana na taasisi. Kuna mzee wa Puerto Rico anaosha masufuria, kofia yake ina namba 21 na haivui, ni namba ya Roberto Clemente. Mcheza besiboli wa timu ya Pittsburgh huyo, mzaliwa wa Puerto Rico, alipiga mipira 3000 kamili kwenye ligi kuu, kwa wapenzi wa mchezo ule hiyo ni namba ya kutisha. Desemba 23, 1972 tetemeko likaiangusha Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya misaada Puerto Rico, ikatumwa, afu zikaanza kuja habari kwamba vitu vinaishia mikononi mwa wanajeshi wa Somoza, mtawala wa huko, walengwa hawavioni. Jamaa akasema nitapanda ndege mwenyewe, mbele yangu hawataiba. Desemba 31, usiku wa mwaka mpya, ndege kuukuu iliyopakiwa kupita kiasi ikaruka San Juan na ikaingia baharini hapohapo. Alikua na miaka 38, mwili haukupatikana mpaka leo. Yule mzee anaisimulia kama ya jana, anaonesha kwa mkono wa sabuni jinsi ndege ilivyoinama.

Watu waliolelewa kwenye nchi ambazo msaada unaibiwa bandarini watakuamini vipi na fomu yako? Wanataka waone mkono unaopokea. Ndo galoni, ndo kuuza tamale (unga wa mahindi uliojazwa kitu ndani na kupikwa kwa mvuke) jumapili nje ya kanisa, ndo vijana kusimama kituo cha mafuta na mabango wanaosha magari ili mwenzao azikwe. Wana hadi neno, cooperacha, yaani changizo la fastafasta, nchi nyingine wanasema tufanye vaca, tufanye "ng'ombe". Na quinceañera, sherehe ya binti kufikisha miaka 15, ina wafadhili wa kila kitu, wa keki, wa gauni, wa viatu, kamati ya harusi zetu tupu.

Mashirika rasmi wanayo pia, msidhani ni galoni tu. Hispanic Scholarship Fund ya kusomesha vijana ipo toka 1975, ilianzishwa na mwanajeshi mstaafu, Ernest Robles. Hispanics in Philanthropy toka 1983. Na hao ndo wamekua wakipiga kelele miaka yote kwamba katika hela ya wakfu wakubwa wa Marekani, inayowafikia Walatino moja kwa moja ni kama asilimia 1, wakati wao ni karibu mtu mmoja kati ya watano nchini. Kwaiyo dada wa semina, samahani, nani hapa hana utamaduni wa kutoa?

Mzigo nao upo, nisipake rangi. Doña ana magoti mabovu na bado kila Desemba anasimama usiku kucha kukanda unga wa tamale wa michango ya watu. Wanaume tunatumbukiza 20 tunaandikwa, mwanamke anayekanda usiku kucha haandikwi popote. Nilimwambia siku moja, Doña, mbona jina lako halimo humu? Akanijibu daftari ni lake, ajiandike ili iweje.

Mwaka jana mzee wangu akafariki. Simu ilikuja saa tisa usiku, asubuhi nkaenda kazini hivohivo kuomba ruhusa. Nafika kwenye mashine ya dole, galoni lina picha ya baba, wameitoa kwenye profaili yangu ya WhatsApp, ile kavaa kofia ya vito siku ya Idi, imechapwa karatasi ya kawaida wino umevuja kidogo begani. Nani aliwaambia mapema hivo sijui. Zilikua dola 640 na sarafu, na zamu ya tanda wiki ile haikua yangu lakini nilipewa, namba 8 ikapishwa na namba 4 ambaye nilikua hata simsalimii. Doña akanionesha daftari, ukurasa umeandikwa juu "papá del Africano", yaani baba wa Mwafrika, akanambia mijo (mwanangu), nenda kamzike baba yako.

Akaniwekea na tamale 12 kwenye foili. Nilizila sakafuni uwanja wa ndege wa Doha nikisubiri ndege ya Dar, na nilipofungua ya kwanza ndo nkagundua ni za jibini na pilipili tupu, na unga ameukanda kwa mafuta ya alizeti badala ya yale ya nguruwe wanayotumia siku zote.