Chawa wa Auckland, raia kuliko mimi

Mwanangu kakutwa na chawa shuleni, na anayelaumiwa ni Afrika.

Nilipigiwa simu niko zamu. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku South Auckland, na kutoka katikati ya zamu maana yake saa zako zinakatwa, hakuna cha "nenda tu mama, tutakufidia". Mwalimu akasema mtoto ana kutu. Hilo neno hapa New Zealand analijua kila mtu, Mzungu na asiye Mzungu. Ni Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa hapa, na maana yake ni chawa, si kutu ya chuma, ila wanalitumia katikati ya Kiingereza chao bila kujiuliza.

Nilipofika akaniita pembeni. Akaanza kwa sauti ile ya huruma inayouma kuliko tusi: eti nywele za namna hii pengine ni ngumu kusafisha, eti je, tumesafiri "kule nyumbani" hivi karibuni?

Jamani. Kule nyumbani! Sisi tuliosoma shule za serikali, Jumatatu mwalimu wa zamu anapita mstarini anakagua kucha, shingo na masikio, na kichwa chenyewe kipara cha wembe, wasichana kwa wavulana. Chawa angejificha wapi? Huyu mtoto kazaliwa hapa hapa, Dar anaiona kwenye simu ya bibi yake tu. Chawa aliyemdaka ni mzaliwa wa Auckland, ana haki zote za ukazi. Mwenye visa ya kuhesabiwa miezi ni mimi.

Na kama ni sayansi tunaitaka, taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inasema kwamba kule kwao chawa wa kichwani huwapata watu weusi mara chache kuliko wengine, na labda ni kwa sababu kucha za chawa wa kule zinashika vizuri zaidi nywele za aina nyingine. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Ukiwa mgeni unachagua vita, na mwalimu atakayebaki na mwanao kutwa nzima si vita ya kuanzisha getini.

Basi kichwa chenyewe kilikuwa kimetoka kusukwa twende kilioni, kwa dada mmoja Mkongo anayesukia sebuleni kwake. Hela niliyompa, Kariakoo ningesukwa mimi, mtoto na jirani, tukanywa soda na nauli ikabaki. Yote kufumua. Dawa ya dukani nayo dola 30 na ushee, kichupa ukikishika hakijazi kiganja. Mnaoniandikia inbox mkiuliza "dada, huko maisha vipi", andikeni na hili: mtoto wa chini ya miaka 14 kwa daktari wa kawaida hapa kwa kawaida halipi, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa na kadi mkononi kama mimi nilivyokimbilia kwa hasira. Uliza kwanza nini kinaandikwa na daktari. Wenyeji wanajua njia, wewe unajua bei.

Kesho yake kazini nilikuwa nimenuna, na sikutaka kusema sababu. Aibu ya chawa si mchezo kwa Mswahili. Siku hizi hata kumwita mtu chawa Bongo ni kumwambia anaishi kwa kusifia wakubwa. Lakini mama mmoja Msamoa tunayekaa naye meza moja chakula cha mchana alinibana mpaka nikatema. Akacheka, akapiga paja. "'Utu!" Muuguzi wa Kifilipino akadakia kutoka kwenye friji: "Kuto?" Kijana wa Fiji anayesukuma mikokoteni ya nguo akasema kwao ni kutu. Mtonga naye, kutu. Mpishi wetu ni Mmalaysia, akachungulia dirishani na mwiko wake, kwao pia kutu. Bibi mmoja Mmaori, mkazi wa pale, aliyekuwa akisubiri chai yake, akaniuliza kwa upole kama kutu wangu ni wa mtoto au ni wangu.

Hebu fikirieni ramani. Kutoka Malaysia mpaka hapa ni bahari na bahari. Hawaii, kaskazini huko, ni 'uku. Rapa Nui, kile kisiwa cha masanamu ya mawe mbele ya Chile, ni kutu. Wote hao ni ukoo mmoja wa lugha, Kiaustronesia, lugha kama 1,200 hivi, na wataalamu wanaufuatilia mpaka Taiwan, miaka kama 5,000 nyuma. Watu wakaingia kwenye mitumbwi na watoto wao, na vichwa vya watoto vikaingia na abiria wake.

Jina la samaki lenyewe halikufika hivyo. Mmalay anasema ikan, Mmaori ika, Msamoa i'a, halafu Mfilipino wangu anasema isda, kaacha njia. Mbwa ndiyo kabisa: Mfilipino aso, Mmalay anjing, Mmaori kurī. Chawa kabaki na jina lake. Nadhani ni kwa sababu hana soko. Ng'ombe unanunua kwa mgeni na jina lake unapewa juu; chawa nani anamwagiza? Unampata kwa mama yako na neno unalipata kwake, siku hiyo hiyo, umelaza kichwa mapajani. Sisi Wabantu tunayajua hayo. Mkikuyu ana ndaa, Mnyarwanda inda, Mshona kule Zimbabwe inda.

Madagaska inaonyesha vizuri hilo la soko. Lugha yao ni ya ukoo huu huu wa baharini, ndugu yake wa karibu anasemwa kusini mashariki mwa Borneo. Lakini ng'ombe kwao ni omby, kuku akoho, kondoo ondry. Unasikia wenyewe wametoa wapi. Mifugo walipokea kwetu huku pwani ya Afrika pamoja na majina. Nzi hawakumhitaji kutoka kwetu: Mmalagasi anamwita lalitra, Mmalay lalat.

Aliyekaa chini akalinganisha maneno haya kwa utaratibu, katika vitabu vitatu vya 1934 mpaka 1938, ni daktari Mjerumani, Otto Dempwolff. Daktari huyohuyo alifanya kazi kwetu enzi za Mjerumani, na 1916 akatoa kitabu juu ya Wasandawe wa kule Dodoma. Kwa hiyo mtu alipita Dodoma kabla ya kuja kuwaambia Wasamoa na Wamalay kuwa ni ndugu. Hayo shuleni hatukufundishwa, tulifundishwa makaburi ya Wajerumani tu.

Jioni ile mama Msamoa akaja kwangu bila kualikwa, kama jirani wa uswahilini. Kaja na kitana cha chuma, meno yamebanana hata karatasi haipiti, na chupa kubwa ya kondishena ya bei rahisi. Dawa yangu ya dola 30 akaisukuma kando. Akampaka mtoto kondishena nywele zikiwa mbichi, akagawa mafungu kwa pini, akaanza kwenye ngozi anavuta mpaka nchani, kila mvuto anafuta kitana kwenye tishu nyeupe na kumwonyesha mtoto: huyu hapa, huyu kafa. Nywele zetu akazishika kwa adabu kuliko wasusi wengine. Karibu na masikio alikawia sana, ndiko mayai yanakoganda. Alisema turudie kila baada ya siku chache kwa wiki mbili, na yeye atakuja. Nikataka kumpa hela ya mafuta ya gari, akanikata jicho.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeuliza kama huku kuna ubaguzi: upo, unavaa kamba ya kitambulisho shingoni na unaongea taratibu. Ila ukipata kazi, kaa meza ya hawa watu wa visiwani. Viwanja usiuze ili kumlipa wakala wa kukuleta huku, nimeshasema. Na kitana cha chuma beba kabisa, hapa chenye meno mazuri kinauzwa bei ya kuku mzima wa kienyeji.