Hukuinua kichwa

Siku ya nne leo, na neno lile bado limenikaa kooni kama mwiba wa ngege. Jumatatu jioni kijana wangu anayeandika kwa mkono wa kushoto (mnamkumbuka, yule mwanachuo wa ualimu niliyemtathmini akaanguka mazoezi ya kufundisha muhula uliopita, hisabati, gredi ya tano) alinishukuru kwa kumsaidia kujiandaa kurudia. Kisha, huku akifuta ubao kwa kiganja, akasema polepole: "Lakini madam, siku ile hukuinua kichwa. Uliandika tu."

Nikamjibu papo hapo: "Fomu yenyewe ni ndefu."

Fomu yenyewe ni ndefu! Miaka yote hii kazini, na hilo ndilo nililokuwa nalo mdomoni.

Na ni ndefu kweli, fomu hiyo ya tathmini. Azimio la kazi, andalio la somo, sauti, nyenzo, matumizi ya ubao. Dakika 35 za kipindi humezwa humo. Ninachokumbuka cha siku ile ni mgongo wake, kwa sababu alikuwa akifundisha ubao, si watoto. Aliuliza nusu jumlisha theluthi ni ngapi, na kabla mtoto hajafumbua mdomo akajijibu mwenyewe. Nikaandika "hasubiri majibu", nikapigia mstari mara mbili. Sasa najiuliza: aligeuka mara ngapi kunitafuta, akakuta utosi?

Fomu yenyewe ni ndefu. Hata kwenye matatu nimejisikia nikiirudia.

Basi jana nilikwenda kwenye zoezi letu la saa kumi nikiwa mzito. Darasa tupu, watoto wanne wa mpishi wetu, chapati mbili. Moja kijana kaikata nusu, nyingine theluthi, ili waone kwamba huwezi kujumlisha vipande visivyolingana mpaka uvikate vyote viwe vya sita: vitatu hapa, viwili pale. Kitindamimba akala theluthi kabla haijajumlishwa. Muhula uliopita kijana angetokwa jasho, jana akamuuliza, "Sasa tumebaki na ngapi?" na akanyamaza.

Kunyamaza huko tumekufanyia kazi wiki tatu. Nilimsimulia habari za Mary Budd Rowe, yule mtafiti wa Marekani aliyepima kimya cha walimu baada ya swali akakuta ni kama sekunde moja tu, akahimiza zifike 3. Kijana huzihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, nyuma ya mgongo. Nilikuwa nimeketi ubavuni, nikaviona: kidogo, cha pete, cha kati. Cha kati kilipokunjwa tu, binti mkubwa akasema, "Nusu, mwalimu. Vipande vitatu vya sita." Nilicheka kwa sauti kama mwendawazimu.

Mimi Jumatatu sikuhesabu hata kidole kimoja.

Mkuu wa chuo ametuaga kazini, Baba Atieno amepata uhamisho wa Lodwar, na maji yamerudi mtaa wa Migosi. Kijana anaanza upya Jumatatu katika shule ya upande wa Ahero, na atakayemtathmini si mimi. Nimemkabidhi mwenzangu faili. Nilitaka kumnong'oneza jambo, nikaogopa ataona napendelea. Labda kesho.

Halafu Mama hajapokea simu tangu jana usiku. Huko Seme stima ikipotea simu yake huzima, hilo nalijua. Ila nimempigia jirani, naye anasema stima ipo.