Bei ya Mzee

Tangu Jumanne jioni kuna sentensi moja ninayoirudia moyoni, nikisahihisha daftari za wanafunzi, nikikama, hata nikiwa nimelala. Ni ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Njoro, Kenya, yule ambaye marehemu Baba alimwendea kwa kila kitu kuanzia misumari hadi mabomba ya maji. Nilikuwa nimeweka mezani pake daftari la Baba, lenye makisio ya banda la kuhifadhia nyasi za ng'ombe waliyoyaandika pamoja mwaka 2021, nikamwonyesha mstari wa mabati na kumwambia, "Mzee wangu, hapa mlikubaliana shilingi 1,100 kwa bati moja la mita 3, unene wa geji 30, na leo unaniambia 1,550." Akavua miwani, akalitazama daftari kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hiyo ilikuwa bei ya Mzee," yaani Baba. Halafu akamgeukia kijana aliyekuwa akisubiri saruji.

Wiki hii mkuu wetu wa shule amehamishwa na binti yangu amepata barua ya kuitwa chuo kikuu, na ninajua wengi wenu mnangoja habari hizo. Nitaziandika. Kwanza nataka kulitua hili, kwa sababu sijui mtu yule alikusudia nini. Huenda alisema tu kwamba miaka imepita. Huenda alisema kwamba Baba alikuwa rafiki, na kwamba rafiki hupunguziwa, na mimi si rafiki. Kuna tafsiri ya tatu inayonichoma zaidi, ambayo ni kwamba banda lile lilikuwa mpango wa mwanamume aliyeuweza, na binti yake aangalie kile anachokimudu. Nimejaribu kuisikia upya ile sauti yake, kama ilikuwa na dharau au huruma, na kila ninapoirudia inabadilika.

Mliosoma habari za mvua za mwaka jana mnakumbuka jinsi marobota yetu ya nyasi za boma rhodes yalivyooza chini ya karatasi ya nailoni, yakafanya ukungu, ng'ombe wakayakataa, nasi tukalazimika kununua nyasi wakati wa kiangazi, ambapo kila mtu ananunua na bei haishikiki. Baba alikuwa ameliona tatizo hilo mapema. Michoro yake inaonyesha banda la futi 40 kwa 16, lisilo na kuta isipokuwa ule upande unaopigwa na upepo, lenye nguzo tano kila upande kwa umbali wa futi 10, na moja katikati ya kila mwisho, jumla nguzo 12. Nguzo ni za futi 12, na futi 3 zinaingia ardhini. Mabati ni 34, kumi na saba kila upande. Aliandika yote kwa mkono wake ulionyooka, pamoja na kilo za misumari na idadi ya kofia za paa, na kwa hesabu yake mabati yote yalikuwa shilingi 37,400. Leo mabati hayo hayo ni 52,700. Baba alituacha mwaka uliofuata kabla hajanunua hata moja.

Ninaporudi dukani kwa fikra, sikai kimya kama nilivyokaa Jumanne. Ninamwambia mzee yule kwamba ninaelewa. Ninaelewa kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, ambayo ndiyo husagwa ikawa saruji, na kwa baadhi ya bidhaa za chuma, na kwamba Julai ya mwaka huo kodi ya thamani ya nyongeza kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, kwa hiyo lori linaloleta mzigo kutoka viwandani likapandisha nauli yake. Ninaelewa pia habari za dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160, na chuma hununuliwa kwa dola. Lakini kufikia katikati ya mwaka huo huo shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola ikarudi karibu 130, na hapo ndipo ningependa anijibu: mbona bei ya bati ilijua njia ya kupanda pamoja na dola, na haikujua njia ya kushuka nayo? Ninauliza kwa dhati. Mfugaji wa ng'ombe watatu hawezi kupandisha bei ya maziwa yake kwa sababu tu misumari imepanda.

Alinipa njia ya mkato, kwamba ninunue geji 32, ambayo ni nafuu. Nilikataa papo hapo. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na kwa upepo wetu huu unaoshuka kutoka nyanda za juu za Mau, bati jembamba hupasuka pale lilipopigiliwa msumari, likaanza kupigapiga usiku, na msimu wa pili unalikuta kwenye shamba la jirani. Bora banda fupi lenye paa linaloshika.

Mbao nazo zina kisa chao. Hapa tulipo, karibu na Elburgon na Molo, nilikua nikiamini kwamba mbao ni kitu kisichoisha, kwa maana mashine za kupasulia zilinguruma kutwa na vumbi la saiprasi lilinukia hadi barabarani. Kisha ikaja Februari 2018, serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mwanzo kwa siku 90 na baadaye kwa miaka. Mashine nyingi zilinyamaza, na waliokuwa wakizifanyia kazi wakatawanyika. Julai 2023 Rais alitangaza palepale Molo kwamba marufuku imeondolewa, kisha jambo hilo likafikishwa mahakamani. Siwalaumu wanaoulinda msitu wa Mau, kwani mito yetu inatoka huko na nimewafundisha watoto hivyo kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mbao ya inchi tatu kwa mbili ambayo Baba aliiandika shilingi 25 kwa futi sasa ninaambiwa 42, na nyingine ni mbichi kiasi kwamba ukiipigilia leo, baada ya mwezi imejipinda.

Kwa nguzo, Baba aliandika "mtarakwa" na kupiga mstari chini yake. Mtarakwa hauliwi na mchwa, na nguzo za ua wetu wa zamani ni ushahidi, kwa maana ukizikwangua bado ni nyekundu ndani na zinanukia. Siku hizi ni vigumu kuupata kwa njia halali isipokuwa ununue nguzo kuukuu kwa mtu anayebomoa ua wake. Limebaki suala la mkaratusi. Uliotiwa dawa, ule wenye rangi ya kijani kibichi, unadumu lakini bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ule mtupu. Mtupu huoza pale udongo unapokutana na hewa, hata ukiupaka oili chafu. Fundi wetu ananisihi nichukue mtupu. Nimesimama kwenye uliotiwa dawa, kwa sababu nguzo ikioza hakuna namna ya kuibadilisha bila kushusha paa.

Haya yote nilimweleza Mama Jumamosi, tukichambua maharagwe, nikafika kwenye ile sentensi ya mwenye duka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani wewe ulidhani Mzee alinunua kwa bei gani?" Akaingia ndani, akarudi na mkebe ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa, umejaa risiti. Nyingi zilikuwa za mwaka 1993, alipojenga zizi la zamani. Huo ndio mwaka ambao mfumko wa bei nchini ulifika karibu asilimia 46, na risiti zenyewe zinalionyesha hilo bila maelezo: bati lile lile, duka lile lile, kila mwezi kiasi kipya. Mbili za mwisho zimeandikwa "deni" kwa mwandiko wa mwenye duka akiwa bado kijana.

"Alikuwa akirudi kutoka kwa huyo mtu wenu wa duka," Mama akasema, "hasemi na mtu mpaka asubuhi."

Mtakumbuka nilivyowahi kuandika kuhusu zizi hilo, ambalo nusu ya paa lake ilikuwa mabati na nusu nyasi. Baba alituambia kwamba nyasi ni kwa ajili ya ndama, wapate joto. Tuliamini, na tulikuwa tukiingia upande ule wa nyasi na kukaa na ndama kwa sababu kweli palikuwa na joto. Kumbe fedha ziliishia katikati ya paa. Nililia kidogo mbele ya Mama, lakini kilio hicho kilikuwa na wepesi ndani yake, na tangu hapo ile sentensi hainichomi vilevile. Bei ya Mzee, kwa risiti hizi, ilikuwa kumwendea mtu akiwa na fedha pungufu na kurudi na kile kilichowezekana, na mwenye duka alikuwapo akiandika deni. Pengine ndicho alichokuwa akikitazama kwenye daftari kwa muda wote ule. Pengine sivyo. Nitamuuliza.

Kwa sasa tumeafikiana na mdogo wangu, ambaye anachangia kutoka Nairobi, kwamba tutajenga futi 30 badala ya 40. Nguzo zinakuwa 10 na mabati 26, yaani shilingi 40,300 kwa mabati peke yake, ambayo bado ni zaidi ya yale 34 ya Baba. Upande wa mashariki hatutaufunga. Tutayaacha mapau yametokeza kidogo ili siku tukipata nguzo mbili na mabati manane tuunganishe bila kubomoa. Nguzo kuukuu za mtarakwa ni fupi mno kubeba paa, lakini zitalala chini kuinua marobota yasishike unyevu. Fundi anaanza kuchimba mashimo Jumatatu.

Jambo jingine. Mama alipokuwa akizitoa zile risiti alikuwa akizisogeza mbali, kisha karibu, kisha akampa binti yangu amsomee, na moja aliishika juu chini. Anasema ni wino uliofifia. Wino haukufifia. Nataka aende Nakuru akapimwe macho kabla ya mwezi kwisha, naye anasema hawezi kuondoka nyumbani mpaka ng'ombe azae.