Lami imeingia mtaani, kodi nayo juu

Hivi nyie wa Mbagala na Temeke kwa ujumla, mitaani kwenu lami ilivyoingia kodi ya chumba imebaki palepale au ni huku kwetu tu? Naomba mnijibu maana nimeongea na majirani weee na kila mtu ana lake.

Tuanze na zuri. Mnaoijua Mbagala ya masika mnakumbuka, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, ukifika stendi ndo unanawa. Ukaja mradi wa DMDP, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2015, dola milioni 300 kwa Dar, mitaa kibao ya Temeke, Ilala na Kinondoni ikapata lami, mitaro na taa. Mi naona taa ndo zimebadilisha mambo kuliko hata lami yenyewe. Sasa hivi jumamosi saa kumi na moja alfajiri jogingi inapita, tisheti rangi moja, kirikuu kiko mbele na spika, mmoja anaimbisha wengine wanaitikia, na nyuma kabisa wamama wamevaa dera juu ya traksuti wanajikokota huku wanacheka. Zamani hao wamama usingewaona, hiyo ilikuwa saa ya vibaka. Mama Samia alizindua kampeni ya mazoezi kila jumamosi ya pili ya mwezi tangu 2016 akiwa bado Makamu wa Rais, ila huku kwetu ukimbilie wapi, kwenye dimbwi?

Kasoro zipo. Njia ya waenda kwa miguu bodaboda wanapita kama yao, na jioni majiko ya chipsi yanaihamia. Kuna mzee jirani ana sukari, daktari kamwambia atembee kila siku, sasa anatembea anakwepa pikipiki kulia na mafuta ya moto kushoto.

Ila kinachouma ni hela. Chumba changu kilikuwa elfu arobaini, sasa sitini, na inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Ukimuuliza dalali anakujibu "hapa lami mdogo wangu", basi kamaliza. Mama mwenye nyumba nilimfuata kwa adabu zote, akasema vifaa vya ujenzi vimepanda, ada zimepanda, na yeye nyumba ndo shamba lake. Hapo siwezi kumbishia sana. Lakini kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, walianza na buku kwa mwezi 2021, tangu 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na anayenunua umeme ni nani? Mimi mpangaji. Deni ni la mwenye nyumba ila jaribu kumdai akurudishie uone.

Mama anayetuuzia vitumbua ndo alishashindwa, kahamia Vikindu, Mkoa wa Pwani huko. Anarudi kila siku kuuza hapahapa penye lami maana wateja wake wapo huku, nauli kwenda na kurudi, na usiku akishuka kwenye gari anatembea gizani kwenye vumbi. Huyu ndo alikuwa anaililia hii barabara kuliko wote jamani.

Wapo wanaosema bora lami isingekuja. Hao nawakatalia, wasahau kweli mafuriko yale? Shida ni kwamba mpangaji hana pa kushika. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ikafutwa 2005, tangu hapo mnaelewana wenyewe, na kuelewana kwenyewe ni karatasi ya kaunta buku imesainiwa barazani. Nachosema mimi, mnapolipa hiyo miezi sita andikeni kabisa kodi haipandi hadi lini na taarifa itolewe miezi mingapi kabla. Mwenye nyumba wangu alinuna kidogo ila alisaini.

Sasa mjumbe kapita juzi, kuna kikao serikali ya mtaa, wanataka kile kiwanja cha mpira kiwekewe mabenchi na vyuma vya mazoezi. Nimemwambia jirani twende wote tukaongelee na kodi, kanijibu "vyuma vikija tu, tunaenda themanini". Nitaenda hata peke yangu. Kikao kilichopita walijaa wenye nyumba watupu, sisi wapangaji tulikuwa kazini.