Ulikuwa unafikiria nini?

Swali la yule mzee wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, halitaki kunitoka. Nikipiga mswaki lipo, nikichanganya rangi lipo.

Wiki hii mbalamwezi imewaka, watu wa dagaa wanalala nchi kavu, na mitumbwi imepandishwa Kirumba kutengenezwa. Siku hizi ndio msimu wangu pekee, wa kuandika majina ya mitumbwi. Mnajua tangu mashine za mabango zijae mjini, brashi yangu inashinda njaa.

Nilimkuta fundi wake bado anagongelea pamba kwenye maungio ya mbao. "Andika UNARUDI," mzee akasema. Nikamtania: kwa nini nisimwekee RIZIKI HAIVUTWI KWA KAMBA, maneno ya wakubwa?

"Fundi, mimi riziki naivuta kwa kamba kila usiku. Mgongo wenyewe ndio huu."

Kisha akagusia, bila kupandisha sauti, kwamba mdogo wake alipanda MV Bukoba jioni ile ya tarehe 20 Mei 1996. Asubuhi yake wote tunaijua, meli ilizama. Akarudi kwenye habari za rangi.

Nikaandika. Nyekundu, kivuli cheusi. Mzee hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya kila herufi bila kuigusa, maana rangi ilikuwa mbichi, akasema, "Soma." Nikasoma. "Usinisomee mimi. Usomee mtumbwi." Nikausomea, vijana wa pembeni wakicheka.

"Ulipokuwa unaandika, ulikuwa unafikiria nini?"

"Ada ya Neema, mzee."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi utarudi na ada!"

Nilitembea mpaka nyumbani natabasamu peke yangu. Mama Neema nimemsimulia mpaka akasema nikirudia tena anahamia kwa dada yake. Kaka amepeleka posa Magu, mama ametoka wodini Bugando, na mimi bado nipo na mzee na kidole chake.

Maneno huumba, tumeambiwa tangu utoto. Mama hakuturuhusu hata kusema "nakufa na njaa". Mimi niliyaacha kwa wazee na walokole. Nimeandika SALUNI, nimeandika KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA kwenye nusu ya maduka ya Kirumba, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mstari usipinde. Sasa hata HATUKOPESHI naiandika kwa uangalifu, nisije nikamfukuzia mtu wateja.

Alhamisi ikaja kazi ya msalaba. Mtoto. Jina moja, na tarehe mbili zilizokaribiana mno. Baba yake alisimama na karatasi aliyoikunja mara nyingi, akanitajia tarakimu moja moja, ingawa nilikuwa naziona. Nikatafuta kitu kizuri cha kufikiria, nikakosa. Nikataka nisifikirie chochote, hilo nalo likashindikana. Mwishowe nikawa nalitamka jina kimoyomoyo kila nilipochovya brashi, kama unavyomwita mtoto aje kula. Baba alipouliza bei, nikamwambia rangi ilikuwa masalio.

Sijui kama nilifanya sawa, kumwita.

Halafu kuna hili bati la jikoni. Limeachia misumari upande wa ziwani, na fundi aliyechukua nusu ya hela hapokei simu. Leo mawingu yamekaa vibaya juu ya maji tangu saa tisa. Ukimjua fundi bati anayepokea simu, niambie kabla hayajafika huku.