Hedi ya 1KZ: kuchonga au kuweka nyingine, nilivyoamua mimi

Nina Hiace yenye 1KZ-TE, ile injini ya dizeli ya Toyota ya cc 2982, inabeba dagaa toka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwenda Shinyanga. Ikaanza kula maji. Chini huoni tone ila ukifika Misungwi lazima uongeze, asubuhi inatoa moshi mweupe na kutetemeka mpaka ichangamke, na ile hozi ya juu ya rejeta ukiiminya injini ikiwa ndo kwanza imewaka unakuta ishakuwa ngumu kama jiwe. Hapo gereji yoyote watakwambia gasketi ya hedi, yaani ile ya kuziba kati ya hedi (kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda) na bloku (mwili wa injini), shusha hedi.

Ikashushwa Nyakato kwa mzee mmoja ninayemwamini. Mimi nikaanza na bei, akanikata: "Ng'wanawane (mwanangu), bei baadaye, kwanza tupime." Akaweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, feela (kile kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.20 ikapita katikati bila kusukumwa. Kupinda tu siyo kesi, inachongwa, yaani mashine inakwangua uso wake kidogo, inanyooka, ila akanionyesha mistari ya kisu cha mashine, yaani mwenye gari kabla yangu alishaichonga. Na dizeli hizi hazina nafasi ya kuchezea, pistoni inapanda mpaka inachungulia juu ya bloku, ndo maana hata gasketi zake zinatengenezwa unene tofauti tofauti, sasa ukizidi kula chuma cha hedi valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) zinaisogelea pistoni na vile vichemba vya moto, vyumba vidogo ambamo mafuta yanaanza kuwaka, vinabaki vimechomoza, navyo uanze kuvihangaikia.

Halafu kulikuwa na nyufa nyembamba kati ya valvu. Hedi ya 1KZ ni alumini, nyufa za hapo zinajulikana na wapo watu wanatembea nazo, swali ni kama ufa umefika kwenye njia ya maji au bado. Kwa macho hujui. Tukaipeleka kwa mtu wa mashine akaziba matundu yote ya maji, akajaza upepo, akaizamisha. Mapovu yakatoka silinda ya tatu.

Bado kuna watu waliniambia nichomelee. Mimi nikakaa nikajumlisha, maana fundi akikutajia bei ya kuchonga unaona rahisi kumbe hiyo ni kipande tu: kuchomelea, kuchonga, valvu gaidi mpya (bomba zinazoshika shina la valvu) kwa sababu zangu zilikuwa zinacheza, siti (pale valvu zinapokalia) zilishazama, oili sili (za kuzuia oili isishuke kwenye valvu), gasketi, bolti, na ufundi wa kushusha tena ikikataa. Ikakaribia kabisa bei ya hedi mpya tupu, na mwisho wa siku bado una alumini iliyochemka mara kadhaa, na alumini ikichemka inalainika.

Ya mtumba kutoka Japani? Ni nafuu kweli, ila muuzaji niliyemfuata alikataa isipimwe upepo kabla sijalipa, nikamuachia mzigo wake.

Nikachukua mpya tupu. Kemshafti (shafti inayosukuma valvu) na valvu nzima nikahamisha, zile kepi (vifuniko) za kemshafti usithubutu kuchanganya, kila hedi inachongwa tundu na kepi zake zenyewe, mpya zinakuja nayo. Taimingi belti, mkanda unaozungusha kemshafti, nikabadili hapo hapo. Na rejeta ikafumuliwa, ilikuwa imejaa kutu, madereva wanachota maji ya ziwa wanamimina, kulenti (dawa ya rejeta) hakuna. Bila hiyo ningekuwa nimenunua hedi ya kwenda kuipinda upya.

Jirani yangu wa Igoma ana 3L, dizeli nyingine ya Toyota, hedi yake ni ya chuma, naye akataka kuiga aweke mpya. Yake ilikuwa inatoa moshi wa bluu tu ikishuka mlima, imenyooka, haina ufa, nikamwambia bana wewe weka gaidi na oili sili, saga valvu, uendelee na kazi. Akafanya hivyo, anapiga ruti mpaka leo.

Hedi yangu ya zamani niliwauzia watu wa vyuma chakavu, wanayeyusha masufuria.