Nilivyochemsha Plaiwudi Hadi Nikapata Mzigo wa Maana

Nilipotaka kuanza kuagiza plaiwudi, zile mbao za matabaka yaliyounganishwa kwa gundi, kila niliyemuuliza alinijibu hivyo hivyo: plaiwudi nyembamba zote ni moja, tafuta bei ya chini China, jaza kontena, basi. Ushauri huo ulinilia laki kadhaa, na bado nausikia wakipewa vijana hapa Mombasa. Unaniudhi sana.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa kontena la futi 20. Linabeba kama mita 22 za ujazo, yaani plaiwudi za milimita 3, futi 8 kwa 4, zipatazo 2,400. Zilifika Aprili, mvua za masika zimeshaanza. Fundi wangu akapiga dari kwa mzee mmoja Likoni. Wiki ya tatu mzee akanipigia simu: "Mwanangu, njoo utazame dari yako." Nilikuta imefura kama andazi. Nilipovuta ukingo, tabaka la juu likatoka zima mkononi mwangu.

Nilirudi ghalani usiku huo huo. Nikapanga plaiwudi 10 moja juu ya nyingine, nikaweka rula. Milimita 24! Nilikuwa nimelipia 30. Kiwanda kilipima kabla ya kupiga msasa, na mkataba wangu haukusema lolote kuhusu hilo.

Gundi ndiyo iliyonifunza zaidi. Niliagiza sampuli za gundi tatu tofauti, yurea, melamini na fenoli, kutoka viwanda vitatu, viwili vya Linyi, mkoa wa Shandong, ambako plaiwudi ya China hutoka kwa wingi, na kimoja cha Vietnam. Nikakata vipande vya upana wa vidole viwili, nikavitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Cha gundi ya yurea kilifunguka kabla saa haijaisha, tabaka zikaelea kama maganda ya kitunguu. Cha melamini kilivumilia hadi alasiri. Cha gundi ya fenoli nilikichemsha kutwa, nikakikausha juani, nikakichemsha tena, na hakikuachana. Hicho utakitambua hata kabla ya kukichemsha: mistari ya gundi ubavuni ni ya kahawia iliyokolea. Bei yake iko juu, lakini kwa unyevu wa pwani mimi sichukui nyingine kwa dari. Ya yurea ipeleke bara, kwenye migongo ya makabati.

Bei nayo ina mambo yake. Mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru mzito kwa plaiwudi ya mbao ngumu ya China, na Vietnam ikapata nafasi kubwa katika soko hilo. Mwaka huo huo Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali, mbao za hapa zikaadimika. Zamani plaiwudi nyembamba ilikuwa ya Indonesia na Malaysia, ya miti ya msituni. Sasa nyingi ninazoletewa ndani zina poplari, mti laini unaokua haraka, au mkaratusi, yote ya kupandwa, na uso mzuri juu tu. Nauli usiisahau: mwaka 2024, meli zilipoikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, niliambiwa bei ya kontena karibu mara mbili, ingawa mzigo wangu haupiti huko kabisa. Plaiwudi nyembamba ni mali ya bei ndogo, kwa hiyo nauli ikipanda faida inaliwa yote.

Mkataba wa pili niliuandika mwenyewe: unene upimwe baada ya msasa, gundi itajwe kwa jina, na salio nisilipe mpaka nione picha ya plaiwudi 10 zimepangwa na rula ubavuni, kontena likiwa bado wazi. Kiwanda kimoja kilikataa, nikakiacha. Cha pili kilinitumia picha inayosoma 29, nikalipa. Cheti cha ukaguzi cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kikatoka kabla ya kupakia, na bandarini sikukaa.

Dari ya mzee wa Likoni niliibadilisha kwa gharama yangu. Masika mawili yamepita juu yake. Juzi alinipigia tena, moyo ukanipasuka. Kumbe anataka milango sita.